Katekisimo Ndogo na Gunia la Viazi

Ukiacha Biblia na kitabu cha nyimbo, hakuna kitabu kilichopita katika mikono ya Walutheri wengi wa Usambara kuliko Katekisimo Ndogo ya Dk. Martin Luther. Tuliikariri tukiwa watoto, tukaulizwa mbele ya usharika, tukapata kipaimara, kisha tukaifungia kabatini. Tumezoea kuwauliza watoto kitabu hiki kinasema nini. Ni mara chache tunakaa nacho tukiwa watu wazima na kuuliza kama kinasema kweli, kinasema vizuri, na kinamwambia nani. Katika makala haya nataka kufanya hivyo kwa sehemu ya Amri Kumi, kwa kuwa humo ndimo Mkristo wa milimani anapofundishwa kwa mara ya kwanza namna ya kuishi imani yake siku zisizo za ibada. Naamini tumekuwa tukiisoma nusu.

Luther aliitoa mwaka 1529, baada ya ukaguzi wa sharika za Saksonia. Alichokikuta huko kilimhuzunisha: wakulima waliobatizwa wasiojua hata Sala ya Bwana, na wachungaji wasioweza kufundisha. Akaandika kitabu chepesi ambacho baba au mama angeweza kukitumia na watoto mezani. Wamisionari wa chama kilichokuja kujulikana kama Misheni ya Betheli walipoanza kazi Mlalo mwaka 1891, mafundisho hayo ndiyo waliyokuja nayo. Kwa hiyo kitabu kilichoandikwa kwa wakulima wa Ujerumani kikaja kwa wakulima wa Usambara, na nitaonyesha kwamba safari hiyo haikuwa ndefu kama inavyodhaniwa.

Tazama jinsi maelezo ya amri yalivyojengwa. Yote yanaanza na kumcha Mungu na kumpenda. Kisha katika amri nyingi yanataja tusilotakiwa kufanya, halafu linakuja neno "bali", na baada yake tunaambiwa tunalotakiwa kufanya. Katika Amri ya Tano wengi tungeridhika kusema kwamba hatujaua mtu. Luther anatuambia tusimdhuru jirani mwilini, bali tumsaidie katika kila shida ya mwili wake. Kwa maelezo hayo, mwenye pikipiki anayempita jirani mgonjwa akijikokota kwenda hospitali ameigusa Amri ya Tano, hata kama hajawahi kuinua mkono juu ya mtu. Katika Amri ya Nane kunyamaza bila kusengenya hakutoshi. Tunatakiwa kumtetea jirani, kumsema vizuri, na kuyafasiri mambo yake kwa upande ulio mwema. Nani kati yetu amewahi kutoka kwenye kikao cha wazee wa kanisa akiwa ameishika amri hiyo yote?

Amri ya Sita inashangaza zaidi. Katika maelezo yake Luther hakuweka katazo lolote. Anasema tuishi kwa usafi na adabu katika maneno na matendo, na kila mtu ampende na kumheshimu mwenzi wake. Basi.

Sasa linganisha na jinsi tunavyoitumia nidhamu ya kanisa. Amri ambayo Luther aliieleza bila katazo ndiyo tuliyoizungushia makatazo mengi kuliko zote. Katika sharika nilizotumika nimesikia majina ya waliotengwa na ya waliorudi kundini, na karibu yote yalihusu Amri ya Sita: binti aliyepata mimba kabla ya ndoa (kijana aliyehusika hutajwa mara chache), mume aliyeoa mke wa pili, wawili wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa. Sisemi mambo hayo ni madogo. Ila sijapata kusikia jina la mtu aliyetengwa kwa Amri ya Saba, na sijaona mtu akisimama mbele ya madhabahu kurudi kundini kwa sababu ya kipimo.

Watu wa Lukozi, Malindi na Mlalo wanajua ni kipimo gani ninachokisema, lakini kitabu hiki kitasomwa pia na washarika wa mijini wanaokula viazi vyetu bila kuona vinavyofungwa. Gunia la viazi linajazwa hadi mdomoni, linatikiswa vishuke, linajazwa tena. Kisha juu ya mdomo inaongezwa kamba na wavu au kipande cha gunia jingine, na viazi vinapangwa humo hadi gunia linavimba kama mtu aliyejitwisha mzigo kichwani. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei iliyopatanwa ni ya gunia moja. Tuseme gunia hilo limebeba kilo 130 na limelipwa kama la kilo 100: mkulima aliyeuza magunia 10 ametoa bure kilo 300, yaani magunia matatu kamili. Hapo ndipo ilipokuwa ada ya mtoto, au mbegu ya msimu unaofuata.

Sheria ya nchi haikunyamaza. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zinataka mazao yauzwe kwa uzito wa mizani, na gunia lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo hupita, hukamata, hutoza faini, na lumbesa hurudi. Inarudi kwa sababu njia nzima ya biashara inahesabu kwa gunia: mpakiaji analipwa kwa gunia, nafasi ndani ya lori inahesabiwa kwa gunia, na mara nyingi ushuru nao ni kwa gunia. Kila mtu kwenye njia hiyo anapata nafuu gunia likivimba, isipokuwa yule aliyechimba viazi. Anayefika na gunia la haki sokoni Dar es Salaam anaonekana amekuja na gunia pungufu.

Hapo ndipo maelezo ya Amri ya Saba yanapotukuta. Luther hakutosheka na mwizi anayevunja mlango usiku. Anasema tusichukue fedha wala mali ya jirani, wala tusiipate kwa bidhaa mbaya au kwa biashara ya hila. Na baada ya "bali" anasema tumsaidie jirani kuiboresha na kuilinda mali yake na riziki yake. Soma tena sehemu hiyo ya mwisho ukiwa umesimama kando ya lori linalopakiwa. Mnunuzi Mkristo hatakiwi tu kuacha kumpunja mkulima. Anatakiwa kutoka kwenye biashara hiyo akiwa amesaidia shamba la mwenzake lisimame. Hilo ni dai kubwa kuliko la serikali, kwa kuwa Wakala wa Vipimo hawezi kumtoza mtu faini kwa kutomsaidia jirani.

Maelezo hayo yanamkuta mkulima pia, wala tusimwonee haya. Maneno kuhusu bidhaa mbaya ni ya kwake. Viazi vilivyooza vinavyowekwa chini ya gunia, nyanya nzuri juu ya tenga na mbovu katikati, kabichi iliyopigwa dawa jana na kuuzwa leo kwa mtu atakayewapikia watoto wake kesho: vyote vimo. Wapo wanaosema wanafanya hivyo kulipiza lumbesa. Basi wawili wameibiana, na mlaji wa mjini ameibiwa na wote wawili.

Kuna jambo katika dibaji ya Katekisimo Ndogo ambalo watoto hawalisomi, kwa sababu dibaji iliandikwa kwa wachungaji. Luther anawaagiza wachungaji waikazie zaidi amri ile ambayo watu wao wanaihitaji zaidi. Anatoa mfano mwenyewe: Amri ya Saba, anasema, ikaziwe sana kwa mafundi na wafanyabiashara, na hata kwa wakulima na watumishi, kwa kuwa kwao udanganyifu na wizi wa kila namna umejaa. Kama angetaka kuandika barua kwa mchungaji wa wilaya ya Lushoto, sijui angebadilisha nini. Katika Katekisimo yake Kubwa ya mwaka huohuo anaongeza ukali: wezi wadogo wa siri wanabeba aibu na adhabu, na wanaoiba hadharani wanatembea huru na kutaka kuheshimiwa. Tukilinganisha maagizo hayo na orodha zetu za waliotengwa, lazima tuulize ni amri gani watu wetu wanaihitaji zaidi, na ni ipi iliyo rahisi zaidi kwetu kuikazia. Mimba huonekana. Na binti wa miaka 18 hana sauti katika baraza la wazee. Mnunuzi wa viazi anayo, na pengine ndiye aliyenunua bati za kanisa.

Wanunuzi wana utetezi wao, na unastahili kusikilizwa. Wanasema mkulima amekubali mwenyewe, hakuna aliyemshikia panga. Luther aliujua utetezi huo. Mwaka 1524 aliandika kitabu kuhusu biashara na riba, na ndani yake alishambulia kanuni ya wafanyabiashara wa wakati wake kwamba mtu ana haki ya kuuza bidhaa yake ghali kadiri awezavyo. Aliona kuwa kanuni hiyo inaigeuza shida ya jirani kuwa faida yangu. Ndivyo ilivyo kwetu. Kabichi iliyokatwa haisubiri. Mvua za masika zikiharibu barabara ya kushuka kijijini, lori linalokuja ni moja, na mwenye lori anajua hivyo. Ridhaa ya mtu ambaye mazao yake yataoza keshokutwa ni ridhaa ya namna gani? Utetezi wa pili ni mzito zaidi: mnunuzi mmoja akiacha lumbesa peke yake, atafilisika na wenzake wataendelea. Ni kweli. Kwa hiyo jambo hili haliwezi kuachiwa dhamiri ya mtu mmoja mmoja, na nitalirudia.

Kabla ya hapo nataka kusema neno juu ya Luka 6:38, kwa kuwa mstari huo umegeuzwa kuwa wimbo wa lumbesa. Bwana Yesu anasema hapo juu ya kipimo kilichoshindiliwa, kilichotikiswa, kinachomwagika. Tunausoma kila mara tunapohimiza matoleo, na nimewasikia wapakiaji wakiutaja kwa utani huku wakikanyaga viazi. Utani huo unatufunulia jambo. Picha ni ileile ya sokoni, na Yesu aliitoa sokoni. Lakini katika maneno yake anayejaza hadi kumwagika ni yule anayetoa, kwa hiari, kwa kuwa Baba ana huruma. Katika lumbesa anayeamuru gunia limwagike ni yule anayepokea. Mkono ulioshika kipimo umebadilika, na injili imegeuka kuwa unyang'anyi kwa maneno yaleyale. Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwaona wafanyabiashara waliotamani sabato iishe ili wafungue ghala na kuuza kwa kipimo kilichopunguzwa. Kwao kipimo kilipunguzwa wakati wa kuuza, kwetu kinakuzwa wakati wa kununua. Ila lile lori linalosubiri Jumapili jioni, huku dereva akitazama saa, Amosi angelitambua.

Sasa lawama zangu kwa kitabu chenyewe, maana ninazo.

Kwanza, Katekisimo Ndogo inamwona jirani mmoja aliyesimama mbele yangu. Dunia yake ni ya fundi na mteja wake, bwana na mtumishi wake. Biashara ya viazi haiko hivyo. Kati ya shamba la Mlalo na sufuria ya Kariakoo kuna dalali wa kijijini, mwenye lori, wapakiaji, dalali wa sokoni, mchuuzi. Kila mmoja anaweza kuapa kwamba yeye hakumwibia mtu, alipokea gunia kama alivyolikuta. Dhambi imegawanywa vipande vidogo hadi hakuna anayehisi uzito wake. Maelezo ya Amri ya Saba hayana neno kwa dhambi ya namna hiyo. Hata ile orodha ya wajibu iliyo mwishoni mwa kitabu, inayowasemesha wachungaji, watawala, waume, wake, wazazi, watoto, watumishi na wajane, haina mstari kwa muuzaji na mnunuzi kama wauzaji na wanunuzi. Ni pengo, na kwetu ni pengo kubwa.

Pili, jirani wa Luther yuko karibu kwa mahali na kwa wakati. Maji yanayotoka upande wa Mlalo yanaingia mto Umba, unashuka nyikani, unavuka mpaka na kuingia baharini karibu na Vanga, nchini Kenya. Anayelima hadi ukingo wa mto, au kukata msitu ulioshika udongo mlimani, hajachukua mali ya jirani yeyote anayemjua kwa jina. Wazee wetu Washambaa walikuwa na lugha pana zaidi kwa jambo hili. Walisema kuzifya shi, kuiponya nchi, na kinyume chake kubana shi, kuiharibu. Na nchi ilikuwa watu, mashamba na mvua kwa pamoja. Lugha hiyo iliambatana na enzi ya Wakilindi na mambo ya kuleta mvua, kwa hiyo wamisionari waliitilia shaka, na kwa sehemu walikuwa na haki. Lakini ilipowekwa kando, kitabu kilichoshika nafasi yake hakikuwa na neno la ukubwa huo. Ingefaa mwalimu wa kipaimara wa leo aseme kwa Kishambaa kwamba kuilinda riziki ya jirani ni pamoja na kuzifya shi. Watoto wataelewa haraka kuliko sisi.

Nikumbushe hapa, kwa kupita tu, kwamba milima hii ilishapata kuona katazo lisilo na upendo. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa bonde la Mlalo kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Shabaha ilikuwa njema. Njia ilikuwa amri na faini, na kazi iliwaelemea zaidi wasio na nguvu. Watu walikataa, na kabla ya uhuru mpango ulikuwa umekufa. Walioandika sera zile hawakuwa na nusu ya pili.

Pamoja na mapungufu hayo, kuna mahali ambapo Katekisimo Ndogo inaona mbali kuliko tunavyoitendea, nayo ni Amri ya Tisa. Sisi Walutheri tunahesabu tamaa ya nyumba ya jirani kuwa amri peke yake. Katika mafundisho huwa inapitwa haraka. Muda umekwisha, kipaimara kiko karibu, na mtoto anaona ni marudio ya Amri ya Saba. Si marudio. Luther anasema tusiviziie urithi au nyumba ya jirani, wala tusivipate kwa sura ya haki. Maneno hayo ya mwisho, kwa maoni yangu, ndiyo makali kuliko yote katika sehemu ya Amri Kumi. Anazungumzia wizi wenye karatasi, wenye mashahidi, wenye muhuri.

Ardhi yetu ni finyu. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi kipande kimebaki cha kusimama. Mume anapofariki, ndugu zake wanakutana. Kikao kinafunguliwa kwa sala, mara nyingi na mzee wa kanisa aliye mmoja wao. Wanasema mila inataka ardhi ibaki kwenye ukoo. Wanasema mjane ataolewa tena. Muhtasari unaandikwa, watu wanatia sahihi, unapelekwa kwa mtendaji wa kijiji. Hakuna aliyepaza sauti, na mjane amebaki na nyumba na migomba ya nyuma ya nyumba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi kwa sababu tu ni mwanamke, kwa hiyo hata ile sura ya haki ni ya kuazima. Lakini mjane haijui sheria hiyo, na kuishtaki familia ni kujitenga na watu atakaowahitaji siku ya ugonjwa. Baada ya "bali", Luther anaagiza jambo moja: tumsaidie aendelee kushika kilicho chake. Kwa mchungaji hiyo ina maana ya kuwapo kwenye kikao kile, na kama ni lazima, kukataa kukifunga kwa sala.

Nilisema nitarudia suala la lumbesa na dhamiri ya mtu mmoja. Usharika ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mkulima, dalali, mwenye lori na mama lishe wanakaa kwenye mabenchi yaleyale. Hakuna ofisi ya serikali inayowapata hao wote pamoja kila wiki. Wanunuzi wanaokula meza moja ya Bwana wanaweza kupatana wote siku moja kununua kwa mizani, jambo ambalo mmoja peke yake haliwezi. Baraza la wazee linaweza kuwaita na kuwasikiliza, kama linavyowaita wanandoa wanaogombana. Na Jumapili ya mavuno, tunaponadi mahindi, viazi na karoti nje ya kanisa baada ya ibada, tunaweza kuanza kwa kuweka mizani yetu wenyewe juu ya meza ya mnadani, mahali ambapo mpaka sasa tunauza kwa debe na kwa jicho.

Na watoto wanapoulizwa mbele ya usharika, wakishajibu Amri ya Saba kwa moyo kama ilivyoandikwa, mwulizaji asiharakishe kwenda ya Nane. Amwulize mtoto swali moja ambalo halimo kitabuni: baba yako anauza viazi wapi, na gunia lake linafungwaje?